Je, Wajua? Kadi ya Geneva Yaweza Kukuambia Babu Alitekwa Wapi

Agosti 1914, vita vikiwa ndiyo kwanza vimeanza Ulaya, Msalaba Mwekundu ulifungua mjini Geneva ofisi ya kuwatafuta mateka wa vita. Nchi zilizopigana zilituma orodha za askari waliotekwa. Watu wa kujitolea, wengi wao wanawake, wakanakili majina kwenye kadi. Mwandishi Romain Rolland naye alifanya kazi humo. Kadi zikafika karibu milioni 7, na tangu 2014 zinasomwa bure kwenye intaneti.

Lakini usiishie kwenye kadi, nakusihi. Wengi huiona, hufurahi, kisha huifunga, ilhali kadi ni mlango tu. Tazama herufi na namba zilizoandikwa chini ya jina: hizo hukupeleka kwenye ukurasa wa orodha ya kambi. Shika pia namba ya jeshi ya babu na kikosi chake, maana majina hufanana mno. Katika orodha hiyo ndimo utakamokuta alikotekwa, kama alijeruhiwa, kambi aliyopelekwa, na mara nyingi anwani ya ndugu aliyemngoja nyumbani.