Kabla ya Kuuza Shamba

Juzi alitujia mzee mmoja wa hapa Nguvumali, yu tayari kuuza shamba lake la minazi ili bintiye, mwenye shahada ya kwanza ya tiba ya viungo, akasomee uzamili ng'ambo. Akatuuliza: achague masomo gani?

Sisi tumesoma chuoni na shule ya msingi tu, lakini waliopooza twawajua, kwani ni jirani zetu.

Yapasa tufahamu kwamba utengamao si fani moja. Mtaalamu mmoja humfundisha mgonjwa kusimama na kwenda. Wa pili humzoeza tena kuvaa, kula na kufanya kazi. Wa tatu hutengeneza viungo vya bandia, ufundi ambao chuo cha TATCOT, Moshi, kilianza kuufundisha tangu 1981. Wa nne humsaidia kusema aliyepotewa na maneno. Shirika la Afya Duniani lilikadiria kuwa mwaka 2019 watu bilioni 2.4 walihitaji huduma za namna hii.

Basi mzazi na aulize matatu. Je, shahada hiyo yatambuliwa na Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania? Je, mwanafunzi atahudumia wagonjwa, au ataandika utafiti tu, jambo limfaalo zaidi atakaye kufundisha? Na je, akirudi, ipo hospitali yenye nafasi ya kazi hiyo?

Mzee yule tulimsihi asiuze hata mnazi mmoja mpaka bintiye apate majibu. Nanyi, wasomaji wetu, twawausia vivyo hivyo.