Bukavu: Bakteria wa udongo wanaogeuza mchanga kuwa jiwe wanaweza kutusaidia?

Kila msimu wa mvua, kuanzia Septemba hadi Mei, wakaaji wa Bukavu wanaangalia vilima vyao kwa woga. Huko Muhumba, katika komini ya Ibanda, maji yanateremka kati ya nyumba na kubeba udongo mpaka ziwani. Kadutu, ambako nyumba zimebanana kwenye magema, udongo ukiporomoka unaweza kuondoka na nyumba pamoja na watu. Dawa inayojulikana ni ukuta wa mawe na simenti, lakini si kila familia ina uwezo wa kununua simenti. Kwa miaka mingi sasa, watafiti wanajaribu njia nyingine: kutumia bakteria wanaoishi ndani ya udongo wenyewe.

Namna wanavyofanya kazi

Anayejulikana zaidi anaitwa Sporosarcina pasteurii. Bakteria huyu ana kimeng'enya kinachoitwa urease, ambacho kinavunja urea, ile inayopatikana katika mkojo na katika mbolea nyeupe ya dukani. Urea ikivunjika inatoa amonia na kabonati. Kama ndani ya maji kuna kalsiamu, kabonati inaungana nayo na kuwa kabonati ya kalsiamu: madini yale yale yaliyo katika mawe ya chokaa, ganda la yai na ganda la konokono. Madini hayo yanajishika kati ya chembe za mchanga na kuziunganisha. Kisha siku chache, mchanga uliokuwa unamwagika unakuwa mgumu, bila tanuri wala moto.

Hata ziwa Kivu linatengeneza madini hayo, kwa njia tofauti. Mwani unapokua juu ya maji, unabadilisha hali ya maji na chokaa inashuka chini. Watafiti waliochunguza tope la ziwa walikuta kwamba chokaa hiyo ilianza kujilundika kwa ghafla katika miaka ya 1960.

Mkojo, mayai, soya na maziwa

Vitu vinavyohitajika si vya ajabu. Maganda ya mayai yakiloweshwa katika siki yanatoa kalsiamu. Urease inaweza kutolewa pia katika soya, bila kufuga bakteria. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Arizona State, Marekani, walionyesha kwamba kuongeza maziwa ya unga kidogo kunafanya mchanga ushikane kwa nguvu zaidi.

Katika Afrika, mfano mkubwa ulitoka Chuo Kikuu cha Cape Town. Mwaka 2018, mwanafunzi Suzanne Lambert na mwalimu wake Dyllon Randall walitengeneza tofali kwa mchanga, bakteria na mkojo uliokusanywa katika vyoo vya wanaume. Mabaki ya kazi hiyo yalitoa mbolea. Kwetu, matofali yanachomwa kwa kuni, na wakati huo huo miti ya Kahuzi-Biega inakatwa kwa ajili ya makala. Tofali lisilopita motoni lingepunguza mzigo huo.

Uholanzi, Henk Jonkers wa chuo kikuu cha Delft alitia bakteria ndani ya zege ili wazibe nyufa ndogo maji yanapoingia. Bukavu inajua nyufa: tetemeko la tarehe 3 Februari 2008 lilipasua nyumba nyingi mjini.

Mipaka yake

Lakini tusidanganyike. Tofali moja la Cape Town lilihitaji lita 25 hadi 30 za mkojo, sawa na mtu kwenda haja ndogo karibu mara 100. Amonia inayobaki ni sumu kwa samaki. Ikimwagwa kwenye gema la Muhumba bila kukusanywa, itaishia ziwani, mahali ambapo watu wengi wanachota maji na kuvua sambaza. Tena, njia hii inafaa zaidi kwa mchanga. Udongo wetu mwekundu wa mfinyanzi una matundu madogo sana, na maji yenye bakteria hayapenyi kwa urahisi. Ukuta mwembamba wa chokaa juu ya udongo hauwezi kusimamisha kilima kizima kilicholowa maji.

Kwa hiyo hatua ya kwanza ni ndogo: kuchukua udongo wa mitaa yetu na kuupima katika labo za vyuo vikuu vya hapa, kama UOB na UCB. Jaribio kama hilo linahitaji mirija, urea, kalsiamu na uvumilivu, si mashine kubwa. Likifaulu, linaweza kuanzia kwenye matofali na njia za miguu kabla ya kufikiria magema.

Mvua, kwa upande wake, haingojei majibu ya labo. Kinachookoa maisha leo ni kile kile: kusafisha mifereji, kupanda miti na majani yenye mizizi mirefu, na kutojenga mahali ambapo udongo umekwisha kuonyesha kwamba unahama.