Ng'ombe au kondoo: pima mwisho wa kiangazi

Mtu akipata eneo la malisho na fedha kidogo za kuanzia, hujiuliza anunue ng'ombe au kondoo. Wengi hutafuta jibu kwenye bei za mnadani. Waanze na mwezi wa mwisho wa kiangazi: majani na maji yatakayokuwa yamebaki shambani yatamtosha mnyama gani?

Wataalamu wa malisho humhesabu ng'ombe mmoja wa kienyeji, mwenye kilo 250 hivi, kuwa sawa na kondoo saba hadi kumi. Hata hivyo, ulaji wao haufanani. Ng'ombe huzungushia majani ulimi na kuyavuta, hivyo anataka nyasi zenye urefu. Kondoo ana midomo myepesi inayofikia nyasi fupi kabisa. Kwa hiyo ukame ukikaza, ng'ombe hutangulia kudhoofu. Katika ukame wa 2009, wafugaji wa kusini mwa Kenya na kaskazini mwa Tanzania walipoteza ng'ombe wengi mno. Lakini midomo hiyohiyo ni hatari: kondoo wengi wakikaa muda mrefu sehemu moja, huiacha ardhi tupu, na mvua huondoka na udongo.

Kigezo cha pili ni muda. Kondoo hubeba mimba miezi mitano, na akitunzwa vizuri huzaa kabla ya kutimiza miaka miwili. Ng'ombe hubeba miezi tisa, na mtamba wa kienyeji mara nyingi hufikisha miaka minne ndipo azae mara ya kwanza. Ndiyo maana baada ya janga kundi la kondoo hurudi upesi. Kondoo pia huuzika kwa kiasi cha shida iliyopo: ada ya shule hulipika kwa kuuza wawili watatu, bila kumtoa ng'ombe mzima. Idi ya kuchinja ikikaribia, soko lake huchangamka, kwa kuwa kondoo mmoja humtosha mchinjaji mmoja, ilhali ng'ombe huruhusiwa kuchangiwa na watu saba.

Ng'ombe naye ana faida ambazo kondoo hatoi. Huleta maziwa kila siku, samadi nyingi, na maksai wa kukokota jembe. Mwenye maji ya uhakika, shamba la matete na wanunuzi wa maziwa karibu hana sababu ya kumkwepa.

Magonjwa nayo yana gharama. Ng'ombe husumbuliwa sana na ndigana kali, inayoenezwa na kupe. Ipo chanjo yake, ila josho lisiachwe. Adui mkubwa wa kondoo ni minyoo, hasa ile inayonyonya damu tumboni. Funua kope: ukiona weupe badala ya wekundu, au uvimbe chini ya taya, mwite mtaalamu. Kondoo mwekundu wa Kimaasai huihimili minyoo hiyo kuliko Dorper, aina iliyozalishwa Afrika Kusini, ambaye hukua haraka na kuwa na nyama nyingi lakini hutaka matunzo zaidi. Usisahau chanjo ya sotoka ya mbuzi na kondoo. Na usiwape kondoo chumvi ya madini iliyotengenezwa kwa ajili ya ng'ombe: kiwango chake cha shaba huweza kuwaua.

Penye nafasi, kuwafuga wote wawili kuna manufaa. Minyoo mingi ya kondoo haistawi tumboni mwa ng'ombe. Ukiwapitisha kondoo malishoni kisha ukawafuatisha ng'ombe, hawa humeza viluwiluwi vya minyoo na kuvipunguza, huku wakila majani marefu yaliyoachwa.

Ushauri wangu ni huu. Penye mvua haba na mtaji mdogo, anza na majike machache ya kondoo wa kienyeji na dume mmoja imara, asiye ndugu yao, na ujenge zizi lisilopenywa na fisi wala mbwa. Penye maji, majani ya kukata na soko la maziwa, anza na ng'ombe mmoja mzuri. Kwa vyovyote, idadi ya mifugo ipangwe kwa kiangazi. Atakayenunua kwa kutazama majani ya masika atalazimika kuuza kwa hasara mvua zikikatika.