Kuogopa ndege: kwa nini takwimu hazikutulizi

Tarehe 6 Novemba 2022, ndege ya abiria iliyotoka Dar es Salaam ikiwa na watu 43 ilitumbukia Ziwa Victoria wakati ikijaribu kutua Bukoba katika hali mbaya ya hewa. Wavuvi ndio waliowahi kufika. Watu 19 walifariki. Picha za mkia wa ile ndege ukichomoza majini zilizunguka kwenye simu zetu siku nyingi, na huenda wewe unayesoma hapa ni mmoja wa wale ambao tangu siku ile, mlango wa ndege ukifungwa tu, viganja vinalowa jasho. Au hofu yako ilianza zamani bila ajali yoyote. Au hujawahi kupanda kabisa, na mwezi ujao una safari.

Ukimwambia mtu, jibu unalijua: "Acha woga, ndege ni salama kuliko basi." Na ni kweli. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba ajali za barabarani huua watu milioni 1.19 kwa mwaka duniani kote. Vifo vya ndege za abiria, hata mwaka unapokuwa mbaya, huhesabiwa kwa mamia. Mwanasaikolojia wa Ujerumani, Gerd Gigerenzer, alichunguza kilichotokea Marekani baada ya mashambulizi ya Septemba 2001, watu wengi walipoacha ndege na kuingia barabarani na magari yao. Makadirio yake ni kwamba katika miezi 12 iliyofuata, watu wapatao 1,500 zaidi ya kawaida walikufa barabarani. Yaani walikimbia hatari ndogo wakaangukia kubwa.

Umesoma hayo yote. Umetulia? Nadhani hapana, na wala si kwamba huna akili. Hofu inaendeshwa kwa kiasi kikubwa na sehemu za ubongo zinazofanya kazi haraka kuliko fikra, mojawapo ikiwa amigdala, fundo dogo lililo ndani ya ubongo karibu na usawa wa masikio. Kazi yake ni kama ya mlinzi wa usiku: akisikia kishindo anapiga filimbi kwanza, maswali baadaye. Mlinzi huyu hajui asilimia. Anajua kelele, mtikisiko, na kwamba huwezi kutoka.

Na ndege inampa sababu nyingi za kupiga filimbi. Chukua dakika ya kwanza au ya pili baada ya kuruka. Ndege inapanda kwa nguvu, kisha ghafla ngurumo ya injini inapungua na unahisi kabisa kwamba tumbo linabaki juu na pua ya ndege inainama. Watu wengi wenye hofu hukueleza kuhusu nukta hiyo hiyo. Kilichotokea ni kwamba rubani amepunguza nguvu ya injini kutoka ile ya kurukia hadi ile ya kupandia, jambo linalofanyika karibu kila safari, ndege ikiwa mita mia kadhaa tu juu ya ardhi. Ndege bado inapanda, ila si kwa kasi ile ya mwanzo.

Sasa kwa nini mwili unadanganyika? Ndani kabisa ya sikio kuna chembechembe ndogo sana za madini ya chokaa, zimekaa juu ya seli zenye vinyweleo. Ukiinamisha kichwa nyuma, chembe zinateleza kidogo nyuma na ubongo unajua umeinama. Tatizo ni kwamba ndege inapoongeza mwendo, chembe hizo hizo husukumwa nyuma vilevile. Sikio haliwezi kutofautisha "nimeinama nyuma" na "ninasukumwa mbele". Kwa hiyo wakati wa kuruka unahisi umeinuliwa kuliko ilivyo kweli, na msukumo ukipungua, hisia hiyo inafutika na ubongo unatafsiri: tunashuka! Marubani hufundishwa kuhusu udanganyifu huu na kuamini vipimo vyao, si masikio yao. Wewe huna vipimo mbele yako, lakini una dirisha. Tazama upeo wa macho nje. Macho yana taarifa bora kuliko sikio hapo.

Kuhusu mtikisiko, kwanza tuachane na lile neno "mashimo ya hewa". Hakuna shimo angani. Kuna hewa inayopanda na hewa inayoshuka, na ndege inapita katikati yake kama mtumbwi unavyopita kwenye mawimbi. Jua la mchana likipasha ardhi, hewa ya moto huinuka kwa vipande vipande, ndiyo maana ile ndege ndogo ya Dar–Zanzibar, inayoruka chini chini, hurushwarushwa zaidi alasiri kuliko asubuhi. Mabawa nayo yametengenezwa yapinde. Mwaka 2010 Boeing waliyapinda mabawa ya ndege yao ya 787 kwenye jaribio, kwa mzigo wa mara moja na nusu ya ule mkubwa kabisa unaotarajiwa angani. Ncha ziliinuka mita 7.6 hivi, na hayakuvunjika.

Nisikufiche: mtikisiko unaweza kuumiza watu. Mei 2024, ndege iliyotoka London kwenda Singapore ilikumbwa na msukosuko mkali, abiria mmoja akafariki na makumi wakajeruhiwa. Ripoti ya awali ya wachunguzi wa Singapore ilionyesha ndege ilishuka mita 54 ndani ya sekunde zisizofika tano. Ndege yenyewe ilibaki nzima na ikatua salama Bangkok. Waliorushwa hadi dari ni waliokuwa hawajafunga mkanda. Kwa hiyo ule mkanda ufunge muda wote ukiwa umekaa, hata taa yake ikizimwa.

Haya, umeelewa sikio, umeelewa mawimbi ya hewa. Hofu itapungua kidogo, haitaondoka. Inayoilisha ni kitu kingine, nacho ni kukwepa. Mwanasaikolojia wa Marekani, O. Hobart Mowrer, alilieleza mwaka 1947 kwa hatua mbili: kwanza tunajifunza kuogopa kitu, kisha tunajifunza kwamba kukikwepa kunaleta nafuu, na nafuu hiyo ndiyo zawadi inayotufanya tukwepe tena. Ukighairi safari usiku wa mwisho, utalala usingizi mzuri ajabu. Yule mlinzi wa usiku naye anaandika kwenye daftari lake: tuliokoka kwa sababu hatukupanda. Namfahamu mtafiti mwenzangu aliyepata nafasi ya miezi mitatu kwenye maabara ya nje ya nchi, tiketi ikiwa imeshalipwa, akaiachia. Sababu aliyoandika kwenye barua ilikuwa "majukumu ya kifamilia". Nadhani vyuoni kwetu barua za namna hiyo si chache.

Kukwepa kuna sura nyingi, tena nyingine zinafanana na ujasiri. Mtu anapanda, lakini baada ya bia nne au kidonge cha usingizi alichopewa na shemeji. Mwaka 1997, Frank Wilhelm na Walton Roth wa Marekani walisafirisha wanawake 28 wenye hofu kali ya ndege mara mbili, safari zikipishana wiki moja. Kabla ya safari ya kwanza nusu walipewa dawa ya kutuliza iitwayo alprazolamu, nusu wakapewa kidonge kisicho na dawa. Waliopewa dawa walisema wametulia zaidi, ingawa mioyo yao ilidunda haraka kuliko ya wenzao. Safari ya pili hakuna aliyepewa dawa. Waliotumia kidonge kitupu hofu yao ilikuwa imeshuka. Waliotumia dawa, yao ilipanda. Mwili uliosafiri ukiwa umelazwa haukujifunza chochote, au pengine ulijifunza kwamba kilichouokoa ni kidonge. (Kama daktari wako amekuandikia dawa, zungumza naye, usiiache ghafla kwa sababu umesoma makala. Na pombe juu ya dawa za aina hii ni hatari kweli.)

Tiba yenye ushahidi mzuri ni kuikaribia hofu kwa ngazi, ukikaa kwenye kila ngazi mpaka mlinzi achoke kupiga filimbi. Mwaka 2000 Barbara Rothbaum na wenzake huko Atlanta walilinganisha njia mbili: kundi moja lilipelekwa uwanja wa ndege na kukaa ndani ya ndege iliyosimama, jingine lilivaa miwani ya kompyuta inayokufanya ujione uko safarini. Yote mawili yalipata nafuu kuliko kundi lililosubiri bila tiba, na hayakupishana sana. Kwa hiyo miwani ya gharama si lazima. Unaweza kuanza na video za ndege ikiruka, zenye sauti, ukizirudia mpaka zikuchoshe. Kisha nenda karibu na uwanja utazame zikitua. Kisha safari fupi: Dar–Zanzibar ni dakika 20 hivi. Kama hofu inakuzuia kabisa, au inakuja na mashambulizi ya hofu hata ukiwa kwenye lifti au daladala, mtafute mwanasaikolojia tiba. Hospitali kubwa kama Muhimbili zina idara ya afya ya akili, na kazi hii wanaijua.

Ukiwa ndani, mwambie mhudumu wa ndege unapoingia kwamba unaogopa. Wamezoea, atapita kukuangalia. Omba kiti cha usawa wa mabawa, mtikisiko huhisiwa kidogo pale kuliko nyuma. Ganzi ya vidole na kizunguzungu mara nyingi hutokana na kupumua haraka mno, kabonidayoksaidi ikapungua kwenye damu. Vuta pumzi kwa pua ukihesabu hadi nne, itoe polepole hadi sita. Usikazane kuifukuza hofu. Iache ikae kiti cha pembeni.

Na kabla ya kuondoka nyumbani, andika kwenye karatasi unachodhani kitatokea, kwa maneno kamili: "Injini zikipungua nitapiga kelele", "Moyo utasimama", "Nitazimia". Weka na kiasi unavyoamini, kati ya 0 na 100. Ukishatua, ukisubiri begi lako, toa karatasi na ujaze safu ya pili: kilichotokea. Mlinzi hujifunza zaidi pale alichotabiri kinapokosekana, kwa hiyo ubashiri usiwe wa jumla jumla. Safari ya kurudi usiisogeze mbele miezi sita; ikiwezekana iwe ndani ya wiki hiyo hiyo, karatasi ya kwanza ikiwa bado mfukoni.