Zilipendwa na masikio ya Ujiji (Sehemu ya 2)

Wazee wa Ujiji, Kigoma, ni wasikilizaji wagumu. Pamoja na Radio Tanzania Dar es Salaam (RTD) walinasa pia matangazo ya Bujumbura, na wengi wao wana asili ya Manyema, hivyo muziki wa Kongo waliukuta nyumbani. Mtangazaji wa zilipendwa anayebabaisha hawamsamehi.

Wiki iliyopita tuliangalia sauti na matamshi. Leo ni zamu ya ujuzi.

Chukua bendi ya chama cha wafanyakazi. Ilianza 1964 kwa jina la NUTA Jazz, ikawa JUWATA, ikaja OTTU, na leo ni Msondo Ngoma. Jina likitajwa sawasawa, msikilizaji anajua wimbo ni wa enzi gani. Mtangazaji akiziita nyimbo zote "Msondo wa zamani", amefuta historia yote hiyo kwa pumzi moja. Au Remmy Ongala: alizaliwa Kindu, huko huko Manyema, 1947, akaja Tanzania 1978 kujiunga na Orchestra Makassy kabla ya kung'ara na Matimila. Kumpiga Remmy Kigoma bila kuitaja Kindu ni kuwanyima watu wa Ujiji ndugu yao.

Kosa linaloudhi kuliko yote linatokana na santuri zenyewe. Santuri ndogo ya mizunguko 45 ilibeba dakika chache tu kila upande, kwa hiyo nyimbo nyingi za Kinshasa ziligawanywa: upande wa kwanza uimbaji, wa pili chemko, gitaa la solo likitamba. Mtangazaji wa zamani aliigeuza santuri. Wa leo anabonyeza kompyuta, inatoka nusu ya kwanza, wimbo unakatika ndiyo kwanza watu wanainuka kucheza, na tangazo la sabuni linaingia. (Wapo pia wanaoongea juu ya solo, hao tuwaache.)

Ujuzi huu unawezekana. Masoud Masoud, akiwa mtangazaji wa TBC, alijijengea jina kwa kuijua historia ya muziki wa dansi.

Vituo vya Kigoma viwape watangazaji muda wa kujiandaa, na viwaalike studioni wazee wa Ujiji na Mwanga waeleze wanachokijua wangali hai. Kituo kisichoweza hayo, afadhali kipige nyimbo bila mtangazaji.

Wiki ijayo: kanda za RTD na haki za wanamuziki.