Matamshi ya Kiingereza na Masikio Yetu

Jioni moja tulikuwa tumeketi barazani hapa Bondeni, kila mtu na kikombe chake cha kahawa tungu, ndipo kijana mmoja wa mtaani alipotujia, uso umemkunjamana. Siku hiyo alikuwa ameitwa kuulizwa maswali ya kazi ya ukarani katika afisi moja ya mambo ya meli. Alituambia kwamba majibu yake yalikuwa sawa, ila mmoja wa waulizaji alimcheka alipotamka neno "ship", likasikika kama "sheep", yaani kondoo. "Tangu leo," akasema, "nitasema kwa puani kama Wamarekani, au nitanyamaza kabisa."

Wazee waliguna tu. Mimi nilirudi nyumbani nikiyawaza maneno yale, kwa kuwa nami ni karani, na aibu hiyo naijua.

Nilipokuwa mgeni kazini, afisa wa meli moja ya kigeni aliniuliza kwa simu ni magunia mangapi yaliyozuiliwa ili yakaguliwe. Nikamjibu, "Fifteen." Yeye akasikia "fifty". Ugomvi ukawa mkubwa, na muda mwingi ukapotea, mpaka karani mmoja mzee, Mgoa, alipoipokea simu akasema polepole, "One, five." Mara mambo yakatulia. Kosa langu lilikuwa nini? Kiswahili hukaza sauti katika silabi ya pili kutoka mwisho. Waingereza hukaza "fifteen" mwishoni na "fifty" mwanzoni. Mimi niliikaza mwanzoni, kama nilivyozoea nyumbani, na magunia 15 yakawa 50.

Neno la yule kijana nalo lina sababu yake. Kiswahili kina irabu tano tu: a, e, i, o, u. Kiingereza kisomeshwacho kwa mfano wa kusini ya Uingereza kina sauti za namna hiyo zipatazo 20, wataalamu wakizihesabu pamoja na zile za kuungana. Basi sauti 20 zikimfikia mtu mwenye mahali patano tu pa kuziweka, hapana budi zibanane. "Ship" na "sheep" huingia pamoja katika i yetu moja. "Hat", "hut" na "heart", yaani kofia, kibanda na moyo, huingia katika a. Huu si upungufu wa akili, wala si uvivu. Sikio hushika yale liliyofunzwa utotoni.

Lakini Kiingereza chenyewe ni kipi? Tazama maneno tuliyoyapokea. Kwa Kiingereza "doctor" na "conductor" huishia kwa herufi zile zile. Sisi twasema daktari, mwenye r, na kondakta, asiye na r. Twasema nambari na pia namba. Namba na kondakta yafuata kinywa cha Mwingereza wa London, ambaye haitamki r ya mwisho. Nambari na daktari yafuata matamshi ya Wahindi, nao huitamka waziwazi. Waskochi, Waairishi na Wamarekani walio wengi pia huitamka hata leo, na hata London ilitamkwa zamani, mpaka ilipoanza kupotea katika karne ya 18. Basi ni nani mwenye kosa, aliyeishika r ya babu zake au aliyeiacha?

Hata Waingereza wenyewe hawakusalimika na chekochezo hili. Mwaka 1941, wakati wa vita, BBC ilimpa kazi ya kusoma habari Bwana Wilfred Pickles, mzaliwa wa Halifax katika jimbo la Yorkshire. Wasikilizaji wengi walilalamika kwa sababu ya matamshi yake ya kaskazini. Vita ni vile vile, habari ni zile zile, lakini waliona taabu kuziamini kwa sauti ile. Matamshi yaliyoitwa bora yalikuwa ya watu wachache mno. Mtaalamu Peter Trudgill alikadiria katika miaka ya 1970 kwamba wayasemao ni kama watatu katika kila watu mia wa Uingereza. Yalipata heshima kwa kuwa ni ya wenye vyeo na skuli kubwa, wala si kwa kuwa yapendeza sikio kuliko mengine.

Sisi wa Mvita jambo hili twalijua sana. Mwaka 1928 mkutano wa nchi za Afrika ya Mashariki ulifanyika papa hapa Mombasa, ukachagua Kiunguja kiwe msingi wa Kiswahili cha vitabu na skuli, na mwaka 1930 kamati ya lugha ikaanza kazi yake. Kimvita, lugha ya Muyaka bin Haji, kikaachwa. Tangu hapo mtoto wa hapa hufunzwa kuandika "njoo" ingawa mama yake humwita "ndoo", na mgeni wa bara akiitwa hivyo hutazama huku na huku akitafuta chombo cha maji. Je, Kimvita kilikuwa kibaya siku ile ya mkutano kuliko siku iliyotangulia? La, hasha.

Tena masikio ya wageni nayo yana uziwi wao. Mzee wa hapa hutofautisha paa la nyumba na paa wa mwituni. Yule mnyama hutamkwa kwa pumzi katika p. Mwingereza huitia pumzi hiyo p ya "pin" wala haitii ile ya "spin", naye mwenyewe hajui kama afanya hivyo. Na sisi tunaocheka tujiangalie. Mkikuyu akichanganya r na l, ni kwa kuwa lugha yake haina l. Mjaluo akisema s mahali pa sh, ni kwa kuwa lugha yake haina sh. Vijana wa Kenya huita jambo hilo kushrabu, wakacheka mpaka machozi. Kesho yake wao huchekwa vivyo hivyo mahali pengine.

Mabaharia, ambao kwao kutosikilizana ni hatari ya roho, wamelipatia dawa. Mwezi wa Novemba 2001 Shirika la Kimataifa la Usafiri wa Baharini lilipitisha maneno maalumu ya kutumiwa melini. Kumi na tano husemwa "one-five", kama alivyofanya yule mzee Mgoa. "Three" hutamkwa "tree", na "thousand" hutamkwa "tousand". Sisi wa pwani hatuna shida na th, kwa kuwa tunayo katika thelathini. Lakini Wafaransa na Wajerumani wengi huwashinda. Basi mabaharia hawakuuliza ni matamshi ya nani yenye cheo. Waliuliza ni yapi yatakayosikika na wote.

Jioni ya pili nilimweleza kijana wetu hayo yote. Sikumwambia kwamba matamshi si kitu, kwa maana magunia yangu 15 yanisuta. Nilimwambia ajizoeze "ship" kwa kulikata fupi na kulegeza midomo, ataje hesabu tarakimu moja moja, aseme polepole, na asione haya kumwomba mtu arudie. Lakini pua za Wamarekani awaachie wenyewe. Usiache mbachao kwa msala upitao.

Aliniuliza, "Na yule akicheka tena?"

Nikamjibu, "Mngojee amalize, kisha uendelee na jibu lako."

Ameitwa tena mwezi ujao, katika afisi nyingine.