Daftari la Ziwa Si la Nchi Moja

Mwenzetu wa kiwandani Jinja, mchukuzi wa bandari ya Mwanza na mvuvi wa Kisumu hawajuani, lakini wote watatu wanategemea hesabu moja: maji yaingiayo Ziwa Victoria na maji yatokayo. Mwaka 2006 ziwa liliposhuka mno, umeme wa Uganda ulikatwa mara kwa mara na mitambo ikasimama. Mei 2020 likajaa kupita rekodi zote, na watu wa pwani zake wakahama nyumba.

Wataalamu huifanya hesabu hiyo kwa kompyuta, nao huiita kielelezo. Si uganga. Ni kama daftari la mweka hazina wa tawi: mapato upande huu, matumizi upande ule. Mapato makubwa ni mvua inyeshayo juu ya ziwa lenyewe, kisha mito, mkubwa wao ukiwa Kagera. Matumizi makubwa ni maji yanayopaa kwa jua. Yaliyobaki hutoka Jinja tu. Ziwa lina eneo la kilomita za mraba 68,800 hivi, kwa hiyo sentimita moja ya kina ni karibu mita za ujazo milioni 690. Malango yakitoa mita za ujazo 1,000 kwa sekunde, huchukua siku nane kushusha sentimita hiyo moja, ikiwa hakuna mvua wala jua.

Sasa tazama: Kagera inakusanya maji ya Burundi, Rwanda, Tanzania na Uganda. Nzoia inatoka Kenya. Malango yako Uganda. Nchi moja ikificha ukurasa wake, daftari zima halisomeki.

Jambo hili lilitambuliwa zamani. Ziwa lilipopanda kama mita mbili na nusu kati ya 1961 na 1964, ulianzishwa mwaka 1967 mradi wa pamoja wa kupima maji ya maziwa ya juu ya Nile. Rwanda na Burundi ziliingia 1972. Kabla ya hapo Kagera ilikuwa ikihesabiwa bila vyanzo vyake.

Mwaka 2006 ulitoa funzo chungu. Bwawa la Owen Falls lilipaswa kutoa maji kwa kadiri ya kina cha ziwa, kama maporomoko ya asili yalivyokuwa yakitoa. Likatoa zaidi, tena wakati wa ukame. Kina cha ziwa hakifichiki, maana satelaiti zinakipima toka juu. Lakini maji yaliyofunguliwa yamo katika daftari la bwawa, na mwenye daftari ndiye mwenye kauli.

Asasi ya Bonde la Nile, iliyoundwa 1999 na yenye ofisi Entebbe, ilipitisha taratibu za muda za kubadilishana takwimu mwaka 2009, na 2012 ikatoa mfumo wa kompyuta wa vielelezo kwa nchi zote wanachama. Mkataba wa ushirikiano ulioanza kutumika Oktoba 2024 unataka takwimu zibadilishwe mara kwa mara. Nchi sita ziliuridhia. Kenya wakati huo ilikuwa imetia sahihi tu.

Na mwisho wa mnyororo huu yupo msomaji wa kipimo cha mto, anayeamka alfajiri kuandika namba moja. Asipolipwa, hasomi. Mwezi huo hubaki mtupu, na kompyuta hulishwa makisio.